Nilivyofeli usaili wa udereva wa treni kwa sababu ya adabu, na Mzigua aliyenirudisha kwenye kichwa

Wakuu, kabla hamjaniamkia nasema marahaba, maana nimechungulia humu nikaona wengi wenu ni rika la wajukuu zangu. Wale wachache mlionitangulia kuliona jua, shikamooni.

Mimi ni mstaafu. Niliendesha treni mpaka magoti yakakataa kupanda ngazi za kichwa chake. Sasa nipo nyumbani Gare, Lushoto, nalima viazi na kugombana na ngedere.

Juzi nilisoma humu uzi wa kijana aliyeitwa kwenye usaili wa kuendesha hizi treni za umeme. Kaeleza kompyuta, vitufe, taa za kuwakawaka, na ninyi mkamjazia ushauri mpaka nikacheka peke yangu. Nikaona na mimi niwape ya kwangu.

Chumvi sitaongeza. Nilipokosea nitasema nilikosea, na aibu yenyewe mtaiona. Naandika kwa kidole kimoja na kurusha kipande kipande, kwa hiyo mnivumilie.

Twende.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Nilikuwa nimemaliza Form Four, nipo nyumbani, asubuhi shamba la kijiji, jioni shamba la mama. Baba alishafariki. Mama alikuwa mfumaji wa masweta, kazi aliyofundishwa misheni na masista, na kwa baridi yetu ile wateja hakukosa.

Treni nilikuwa naijua kwa mbali tu. Ukisimama ukingoni mwa mlima, kule chini bondeni unaona moshi unatambaa kuelekea Mombo. Tangu nipo darasa la pili nilikuwa nasema nitaendesha kile kitu. Watu wakicheka na mimi nacheka, ila moyoni sikuwa natania.

Siku moja nimempeleka mama soko la Lushoto na masweta yake, nikapita ofisi za wilaya, nikaona tangazo ubaoni. Reli wanatafuta vijana wa kujifunza udereva. Nilisoma mara nne. Mama akaniuliza mbona nimeganda, nikamsomea, akasema, "Basi andika. Sweta la mwalimu nitalimaliza mwenyewe."

Barua ilitakiwa iambatane na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema kabisa, lakini reli alikuwa haijui hata kidogo. Akaandika kwamba mimi ni mjamaa wa kweli, sijakosa shamba la kijiji hata siku moja, na napanda kabichi kwa mstari ulionyooka. Akagonga muhuri.

Nikasema hapa nimekwisha. Lakini baada ya wiki kadhaa jibu likaja, niende Tanga kwenye usaili.

Asubuhi ya safari mama alinisindikiza mpaka kwenye basi. Aliniambia kitu kimoja tu. "Mwanangu, wakubwa uwaheshimu. Usiwajibu. Watu waone umelelewa."

Shikeni hilo neno la mama, ndilo lililoniponza.

Nikashuka Mombo. Joto la Mombo mnalijua. Mimi nimevaa sweta, nikalivua nikalifunga kiunoni, nikapanda treni kwa mara ya kwanza maishani mwangu, daraja la tatu. Njia nzima nilitoa kichwa dirishani. Nilifika Tanga jicho moja limejaa masizi, na kesho yake ndiyo kipimo cha macho!

Usaili ulikuwa wa siku mbili. Tulikuwa vijana kumi na kitu, wengi wa mjini, wanajua hata majina ya vyuma.

Siku ya kwanza, hesabu za maandishi. Treni inatoka hapa saa fulani, mwendo kiasi fulani, itafika pale saa ngapi. Hizo nilizila kama wali. Halafu kupima masikio, kupima kifua, kubeba vitu vizito. Msinione hivi, kijana aliyezoea kupanda na kushuka milima na gunia la viazi mgongoni huwezi kumtisha kwa kubeba.

Kikaja kipimo cha rangi. Daktari alimwaga mezani lundo la nyuzi za sufu. Kazi yako ni kupanga, kijani upande huu, nyekundu huku, na wamechanganya humo rangi za kudanganya, kijivu inayotaka kufanana na kijani, kahawia inayotaka kufanana na nyekundu. Wenzangu walikuwa wanatokwa jasho.

Wakuu, mimi nimelelewa juu ya nyuzi za sufu. Nilikuwa namchagulia mama rangi tangu sijaanza shule, na kwa taa ya koroboi. Nilipanga lile lundo haraka mpaka daktari akaniuliza kama mimi ni fundi cherehani. Nikamwambia mama yangu anafuma. Akasema, "Basi mama yako amekupasisha."

Jioni ile nililala nikijua kazi nimeipata. Kumbe bado.

Siku ya pili ilikuwa ya kupanda kwenye kichwa chenyewe, mmoja mmoja. Kichwa cha moshi, mabehewa mawili matupu nyuma, mnatoka kidogo nje ya stesheni na kurudi. Juu yake mko wanne. Dereva, fayamani, mkaguzi mwenye karatasi, na wewe.

(Kuna mkuu ameniuliza inbox kabla hata sijamaliza kuandika, fayamani ni nani. Ni msaidizi wa dereva, anayeangalia moto na maji ya kichwa. Tulia mkuu, tunaenda.)

Dereva aliitwa Mzee Mhando. Mtu mfupi, mweusi, mikono mipana, masharubu yameanza mvi. Rika la baba yangu kabisa. Nilipomwona tu nikajikuta nimeinama. "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba bila kunitazama, anafuta mikono na tambara.

Mkaguzi yeye alikuwa kijana wa ofisini, suruali imepigwa pasi, kila mtu anamwita Ndugu. Akanieleza kazi. Njiani kuna signali, nguzo ndefu yenye mkono wa bati juu. Mkono ukiwa umenyooka, simama. Mkono ukiwa umeshuka, pita. Dereva anataja anachokiona kwa sauti, na wewe unataja unachokiona wewe.

"Siyo anachosema yeye, Ndugu," akarudia. "Unachokiona wewe."

Nikasema ndiyo, nimeelewa. Na kweli nilielewa.

Tukaondoka. Wakuu, sijui niwaambie nini. Mlio ule, moto ule, chuma chote kinatetemeka mpaka meno yanagongana. Nilikuwa nataka kulia kwa furaha.

Signali ya kwanza, mkono umeshuka. Mzee Mhando akapaza sauti, "Umeshuka!" Na mimi nikasema, "Umeshuka, mzee." Mkaguzi akaandika.

Signali ya pili ikatokea mbele. Nikaiona vizuri kabisa, macho yangu yale yaliyopanga sufu. Mkono umenyooka. Umenyooka kabisa.

Mzee Mhando akapaza sauti, "Umeshuka!"

Nikautazama tena ule mkono. Umenyooka.

Niwaeleze ndugu zangu ambao hamkulelewa kwetu. Kwetu mtoto hamwambii mtu wa rika la baba yake kwamba amekosea. Siyo kwamba unaogopa fimbo tu, mdomo wenyewe haufunguki. Mkubwa akikosea unamtafuta mtu wa kati, mjomba au jirani wa rika lake, unamnong'oneza, yeye ndiye anafikisha kwa maneno mazuri. Baba aliwahi kupanda maharage kwenye shamba la mtu kwa kupotea mpaka, sote tunaona, hakuna aliyesema. Mama alienda kwa mjomba, mjomba akaja jioni, maharage yakahamishwa. Hivyo ndivyo tulivyoishi na tulipendana.

Basi na mimi nikatafuta mtu wa kati.

Ndiyo wakuu. Juu ya kichwa cha treni, signali imefungwa mbele yetu, mimi nikamsogelea fayamani, nikamwinamia sikioni, nikamwambia, "Samahani kaka, naomba umwambie mzee kwamba mkono naona kama umenyooka."

Fayamani akasema, "Nini?"

Makelele yalikuwa mengi. Nikarudia kwa adabu ileile. Akasema tena, "Nini wewe?"

Nilipokuwa narudia mara ya tatu breki zikalia. Mzee Mhando alisimamisha kichwa hatua chache kabla ya nguzo. Bila shaka alikuwa anaiona signali tangu mwanzo, ilikuwa mtego wao wa kila mtahiniwa. Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Umeshaua watu," akasema.

Mkaguzi akaandika kitu kirefu na kukipigia mstari. Kwa wino.

Tuliporudi stesheni aliniambia nisisubiri majina, nirudi tu nyumbani. Alinisomea hata ile barua ya mwenyekiti. "Ndugu, unapanda kabichi kwa mstari ulionyooka. Si kitu kibaya. Rudi ukaendelee."

Hakusema kwa ubaya, lakini iliniingia. Nikaenda kukaa kwenye benchi la stesheni kungoja treni ya kurudi Mombo. Nilikuwa nafikiria uso wa mama tu. Nitamwambia nimefeli kwa sababu nilifanya alichoniambia? Nilijua akilisikia hilo atajilaumu mpaka kaburini. Nikaamua nitasema nilishindwa hesabu.

Nikiwa hapo akaja Mzee Mhando na kikombe cha chai. Nikaruka kusimama. Akanikalisha kwa mkono.

"Kijana, ulikuwa unamnong'oneza nini yule?"

Nikamweleza. Kwa kuwa nimeshafeli sikuwa na cha kupoteza, nikamweleza yote, mpaka ya mjomba na maharage. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwenu wapi?"

"Gare, Lushoto."

"Msambaa?"

"Ndiyo mzee."

Wakuu, yule mzee aliweka kikombe chini akacheka mpaka watu wakageuka. "Msambaa! Na mimi nimekaa nakuhurumia! Mgosi, mimi Mzigua wa Handeni."

Mnaofahamu mambo ya kwetu mmeshaelewa. Kwa wageni, mgosi ndivyo tunavyoitwa Wasambaa, na sisi na Wazigua ni watani. Mtani anaweza kukuchukulia kofia kichwani, anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, na huruhusiwi kukasirika. Umri hauhesabiwi hapo. Hata mzee wa Kizigua, ukishajua ni mtani, kinywa kinafunguliwa.

Akaanza palepale. "Ninyi watu wa ajabu. Mwindaji wa kutoka kwetu alikuja huko kwenu Vuga na nyama begani, mkala, mkanogewa, mkamfanya mfalme! Mngeletewa na chumvi je, si mngempa na mlima?"

Na mimi, sijui ilitokea wapi, mdomo ukajibu wenyewe. "Alikuja kwetu kwa sababu kwenu njaa, mzee. Mpaka leo mkiona wingu Handeni mnaliamkia shikamoo."

Nikajishika mdomo. Lakini yeye alinionyeshea kidole, macho yanang'aa.

"Hiyo! Sauti hiyohiyo ndiyo naitaka juu ya kichwa changu. Ulikuwa umeificha wapi?"

Akanishika mkono akanipeleka kwa mkaguzi. Mkaguzi akakataa. Karatasi imeshaandikwa, atawaeleza nini wakubwa? Mzee Mhando akamwambia, "Kijana huyu ana macho, nimemwona alipogeuka kwa fayamani. Aliiona signali mapema kuliko wote. Mrudishe mara moja. Akikosea tena, andika kwamba Mhando ndiye aliyeharibu kazi."

Wakuu, mtu huyo alikuwa hanijui. Hakuna alichopata kwangu, hakuna nilichompa. Aliweka jina lake la miaka yote ya kazi juu ya kijana aliyekutana naye asubuhi ile.

Mkaguzi akatazama saa, akatazama wino wake, akasema mara moja tu.

Kabla ya kupanda mzee akaniinamia. "Chini huku mimi baba yako, niamkie uwezavyo. Ukikanyaga ngazi hizi, mimi Mzigua. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

Tukaondoka. Signali ya kwanza mkono umenyooka, akataja sawasawa, nikataja, tukasimama, tukaruhusiwa. Nikadhani mtego utakuwa uleule wa kutaja uongo, nikajiandaa nao.

Signali ya pili ikatokea. Mkono umenyooka. Na Mzee Mhando hakusema kitu. Alikuwa anatazama pembeni, kwenye minazi, anapiga mluzi! Kichwa kinaenda. Fayamani ananyamaza. Mkaguzi ananyamaza. Nikamtazama yule mzee, nikaona mvi za masharubu yake, nikamwona baba, nikasikia mama anasema usiwajibu. Adabu yote ikanirudia.

Kisha nikakumbuka ile chai kwenye benchi.

"WE MZIGUA!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Umelewa? Mkono umenyooka! Simamisha!"

Breki. Kichwa kikasimama, mbali kabisa na nguzo safari hii. Ikabaki sauti ya mvuke tu. Fayamani tambara lilimdondoka.

Mkaguzi akanyanyua kalamu. "Mzee, huyu amekutukana."

"Hajanitukana," Mzee Mhando akasema, anajifuta jasho. "Amesimamisha treni. Andika."

Akaandika.

Majina yalitoka jioni, langu la mwisho kwenye orodha, limeongezwa kwa mkono. Niliporudi nyumbani nilimweleza mama ukweli wote. Alisikiliza, akacheka, akalia kidogo, halafu akauliza huyo Mzigua ana kifua cha upana gani.

Alimfumia sweta. Kahawia, shingo nyekundu, zito la baridi ya Lushoto. Nilimpelekea kwa haya, maana nani anavaa sweta mbele ya moto wa kichwa cha treni, Tanga? Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Hakulivaa hata siku moja. Alilikunja akaliweka kwenye kiti chake cha udereva, akalikalia mpaka anastaafu. Alikuwa anasema Wasambaa ni wazuri wa kukaliwa.

Nilifanya naye kazi, nikajifunza kwake, nikawa dereva. Chini ya ngazi nilimwamkia kila siku ya Mungu. Juu ya ngazi hatukuwahi kupeana hata samahani.

Alifariki kwao Handeni miaka mingi baadaye. Nilipopata habari nilisafiri usiku na mchana, nikafika jeneza linatolewa uani. Wanaume wamelibeba, wanaelekea makaburini.

Mnajua kazi ya mtani msibani. Mtani anaweza kuzuia maiti isipite mpaka apewe kitu. Watu walikuwa wamechoka, wanalia, hakuna Msambaa mwingine pale. Nikapita katikati yao nikasimama mbele ya jeneza, mtu mzima na koti langu la kazi, nikanyoosha mkono wa kulia pembeni, umenyooka kama bati.

"We Mzigua!" nikasema. "Mkono umenyooka. Simama!"

Wakasimama. Wazee wa reli waliokuwepo walielewa kwanza, wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, kicheko kikaenea ua mzima. Mimi sikuweza kucheka. Mkono sikutaka kuushusha. Nilikuwa najua nikiushusha anaondoka.

Mjane wake akaingia ndani, akatoka na kitu amekikunja. Lilikuwa lile sweta. Limechakaa, katikati limekwisha kwa kukaliwa, shingo bado nyekundu. Akaniwekea begani.

"Mtani, pokea. Mpishe baba yako apite."

Nikaushusha mkono, taratibu.

"Umeshuka, mzee," nikasema. "Pita."

Wakapita.

Sweta ninalo hapa wakati naandika. Mama naye alishatangulia, kwa hiyo ni la wote wawili.

Vijana mnaoenda kwenye usaili, mimi nilichojifunza ni kidogo. Heshima niliyofundishwa na mama sijaiacha na sitaiacha. Ila ukiona mkono umenyooka na mkubwa wako anatazama minazi, piga kelele. Akiwa mkubwa kweli atakushukuru. Na ukija kuwa mkubwa wewe, mtafute yule mdogo anayenong'ona, kaa naye kwenye benchi, umuulize alitaka kusema nini.

Haya, uwanja ni wenu. Nani alikushika mkono siku ile wengine walishakuandika kwa wino? Mtajeni hapa wakati bado tunawakumbuka. Na kama kuna Mzigua amesoma mpaka hapa, najua hujaelewa, rudia taratibu.